Mkono Usiojua Kuvuna

Katika karakana ya taa hapakuwa na saa wala dari. Ukiinua macho uliona giza la buluu lenye vumbi linalong'aa, na ukiyashusha uliona bakuli la kioo, maji yanayofuka mvuke, na katikati ya maji tumba la waridi, la mwisho kati ya saba ya taa moja, limesimama wima bila kushikwa na kitu. Kisha tumba lilianza kufunguka. Petali ya kwanza ililegea, ya pili ikaifuata, na mwanga wa rangi ya asali ukaanza kujikusanya moyoni mwa ua. Kazi ya fundi ilikuwa moja: kungoja petali ya mwisho ilale, halafu kukata. Ukikata hapo, mwanga wote ulidondoka ndani ya taa. Ukikata kabla, lilidondoka tone, na tone halikutosha kitu.

Cheruto alikata kabla.

Mkasi ulilia, ua likajifunga kama jicho la mtoto aliyekatizwa usingizi, na maandishi yakapita polepole juu ya kioo cha simu: *Taa ya daraja la tatu.*

Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha chumba chake huko Kamere, miguu nje, mgongo kwenye fremu ya mlango. Jioni ilikuwa imetulia. Nyuma ya mafunjo, Ziwa Naivasha lilikuwa na rangi ya bati, na kiboko mmoja alikoroma mara moja kisha akanyamaza, kama mtu aliyekumbuka kwamba ana wageni. Upande wa pili, juu ya vilima, mvuke wa visima vya umeme vya Olkaria ulipanda mweupe na kupinda, na kwa nukta chache Cheruto hakuwa na hakika kama mvuke anaouona ni ule wa mlimani au ule wa bakuli.

"Umekata tena?" Sauti ya mdogo wake ilitoka ndani ya simu, ikiwa na mwangwi wa chumba kidogo.

"Nimekata."

"Mapema?"

"Mapema. Nilikuwa naona kabisa ni mapema, Jep. Mkono ukaenda."

"Mkono ukaenda," Jepkorir alirudia. "Mkono una miguu siku hizi. Matumba yamebaki ya taa ngapi?"

"Moja."

Ndani ya mchezo, umbo la Jepkorir, msichana mwenye pembe ndogo za swala, lilikuwa limeketi kwenye ngazi ya nyumba yao na kutazama bonde.

Nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa hatarini. Wenye mchezo walikuwa wametangaza kwamba Bonde la Chini, ambako wachezaji wa zamani walijenga, litafunikwa na ukungu Ijumaa ijayo jua likizama, na kila kitakachobaki humo kitafutika. Nyumba iliweza kupandishwa hadi Nyanda za Juu kwa njia moja tu: mwenyewe aiangazie kwa taa ya daraja la kwanza aliyoitengeneza kwa mkono wake. Taa ya kubebea nyumba haikuuzwa wala kukopeshwa. Nyumba iliandikwa kwa jina la Cheruto, basi kazi ilikuwa ya Cheruto.

Nyumba nyingine za bonde zilikuwa na minara na madaraja ya dhahabu. Yao ilikuwa na vyumba vitatu na paa la bati. Ilikuwa nyumba ya mama yao huko Barut, ile ambayo Ziwa Nakuru liliichukua. Maji hayakuja kwa kishindo. Yalikuja kwa miezi, kwanza kwenye mahindi, halafu kwenye choo, halafu asubuhi moja yalikuwa yamekaa jikoni kama mtu wa nyumbani. Siku hizi mama yao, Rahab, alikuwa amepanga chumba Kaptembwo, pembeni mwa mji wa Nakuru, na mahali pa nyumba palionekana vichwa vya miti iliyokauka na ndege wakitua juu yake. Hakuna aliyekuwa amepiga picha nzuri ya nyumba ile iliposimama. Nani hupiga picha choo na jiko? Kwa hiyo dada hao wawili waliijenga upya kutoka kichwani, Ijumaa baada ya Ijumaa: ufa wa ukuta wa magharibi, msumari wa kutundikia redio, dirisha lililokataa kufunga. Waliweka hata kosa la fundi. Kamande, aliyeijenga, aliuelekeza mlango wa jikoni ziwani, na kila kiangazi upepo uliingiza vumbi la magadi kwenye sufuria, na kila kiangazi mama yao alimlaani Kamande kwa jina la baba yake.

Jepkorir alifanya kazi katika nyumba ya watu huko Doha na Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Kwenye simu ya kawaida dada hao walimaliza habari upesi: umekula, uko salama, mama yuko salama. Ndani ya mchezo walikuwa na kazi ya kufanya, na penye kazi maneno huja yenyewe.

"Mwulize Varun," Jepkorir alisema hatimaye.

"Nimemwuliza mpaka nimechoka."

"Mwulize akiwa anakuona. Jumapili si unaenda kwa mama?"

Varun alikuwa mwandishi wa vidokezo. Kila mtu katika kundi lao la wachezaji alimjua kwa hilo. Mchezo ukileta kazi mpya, yeye aliifanya mara nyingi kuliko mtu yeyote mwenye akili timamu, akapima, akaandika, akawatumia wenzake. Vidokezo vyake kuhusu taa ya waridi Cheruto alivijua kwa moyo. Usitazame ua, tazama kivuli chake majini. Kivuli kikigusa ukingo wa bakuli pande zote, ua limekamilika. Zima muziki, bakiza sauti za kazi, kwa sababu petali ya mwisho ikilala hutoa mlio mdogo kama tone kwenye mtungi. Punguza ubora wa picha ili simu isichelewe. Usitumie mkasi wa dhahabu, unaliharakisha ua. Mkasi wa chuma hulipatia ua nafasi. Na kabla hujagusa matumba ya thamani, jizoeze kwa maua ya njano ya kando ya njia, ambayo hufunguka kwa mwendo uleule na hayana hasara.

Vilikuwa vidokezo vizuri. Watu wengi wa kundi walikuwa wameshapandisha nyumba zao kwa kuvifuata.

Jumapili, baada ya kumpelekea mama yake mboga na samaki, Cheruto alishuka hadi mjini, akaingia katika duka la vipuri vya mashine, bearing na mikanda, ambalo familia ya Varun imelishikilia tangu enzi ya babu. Ndani palikuwa na ubaridi na harufu ya grisi. Rafu zilipanda hadi gizani, na kila sanduku lilikuwa na namba. Nyuma ya kaunta alisimama mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo.

"Karibu madam. Bearing ya nini?"

"Asante mama. Namtafuta Varun."

Falguni, mama yake Varun, alimtazama kutoka juu hadi chini. "Aa. Wewe ni wa gemu." Akageukia rafu. "Varun! Mteja wako asiyenunua amekuja!" Kisha, kwa Cheruto, kwa sauti ya mtu anayeshtaki kwa jirani: "Huyu ukimuuliza mkanda wa posho mill ni namba gani, anakimbilia kitabu. Ukimuuliza upanga wa jini unauzwa wapi, anakujibu akiwa usingizini."

"Mum, anaskia."

"Si ndio nataka asikie!"

Varun alitokea kati ya rafu, kijana mwembamba mwenye grisi kwenye kiwiko. Alisimama ghafla. "Siz! Kumbe wewe ni mrefu hivi? Kwa gemu uko na ndevu mpaka kwa mshipi."

"Na wewe kwa gemu uko na mabawa."

"Mabawa yako kwa store, mum hataki niyavae kazini. Leta simu."

Alimketisha juu ya kreti, akasimamisha simu yake mwenyewe juu ya mzani ili irekodi, akamwambia akate maua ya njano tu. Cheruto aliingia karakana. Giza la buluu lilimfunika, duka likasogea mbali, na mlio wa maji ukawa karibu kuliko honi za barabarani. Ua lilifunguka. Alikata. Lingine likafunguka. Alikata. Aliendelea hivyo mpaka Varun alipomgusa bega, na alipoinua kichwa alishangaa kuona masanduku.

Varun alikuwa akitazama video polepole. Aliitazama mara mbili, na mama yake akavua miwani.

"Angalia," alisema. "Hapa umekata petali mbili zimelegea. Hapa pia mbili. Hapa mbili. Zote mbili, siz. Hakuna hata moja uko tatu."

"Ndio kusema mimi ni mbovu."

"La, skiza. Mtu mbovu anakosa huku na huku, leo mapema, kesho late. Wewe unakosa mahali pamoja. Uko sawa kunishinda. Ni vile uko sawa kwa kitu kingine."

Wakabadilishana simu. Petali mbili. Wakazima mtandao wa Cheruto na kutumia wa duka. Petali mbili. Varun akamwambia atazame kivuli peke yake, akafunika ua kwa kadi ya bei. Kidole gumba cha Cheruto kilishuka pembeni mwa kadi bila kuliona ua. Petali mbili.

"Basi si simu," Varun alisema, "na si network. Ni wewe."

"Asante sana."

"Si matusi. Tumeondoa vitu vingine vyote."

"Na sasa?"

Varun alikuna kiwiko chenye grisi. "Sasa sijui," alisema, na mama yake akavaa miwani tena ili amwone vizuri, kwa kuwa neno hilo hakuwa amelisikia kwake mara nyingi.

Jumanne asubuhi ukungu ulikuwa umetoka ziwani na kusimama katikati ya nyumba za plastiki ambamo maua hukuzwa, hivi kwamba ukitembea kutoka nyumba moja hadi nyingine hukuona miguu yako. Ndani kulikuwa na joto na weupe. Nuru haikutoka upande wowote. Ilikuwepo tu, kama ndani ya yai. Mistari ya waridi ilienda mbali mpaka ikayeyuka, na wavunaji walioinama kati yake walionekana kama watu waliochorwa kwa maziwa.

Cheruto alivuna. Miaka tisa alikuwa akivuna. Mkono wa kushoto ulishika bua, wa kulia ulikata, wa kushoto ukalaza ua kwenye kwapa pamoja na mengine, na miguu ikasogea. Ukishavuna miaka tisa hufikirii. Unaweza kupika chakula cha jioni kichwani, unaweza kumaliza ugomvi wa juzi. Asubuhi hiyo alikuwa akiwazia nyumba. Aliiona ngazi, na Jepkorir na pembe zake za swala, na chini yao ukungu ukipanda kama huu.

"Chepkosgei!"

Aliyepaza sauti alikuwa Ooko, msimamizi wa nyumba hiyo, mtu ambaye alipiga kelele bila hasira, kama wengine wanavyopiga mluzi. Chepkosgei alikuwa msichana mpya katika mstari wa jirani, na alikuwa amesimama mbele ya waridi jekundu lililofunguka lote.

"Hili umeliacha unangoja nini? Harusi?"

"Lilikuwa linapendeza, supavaiza."

"Linapendeza kwa nani? Likifika Uholanzi litakuwa maiti. Msichana, ua lililofunguka ni takataka. Hapa tunauza ua ambalo bado." Akachukua tumba kutoka kwenye ndoo ya karibu, ambayo ilikuwa ya Cheruto, akaliinua. "Angalia la Cheruto. Petali mbili za nje zimelegea kidogo, ndani kumefunga. Hapo ndipo. Ukingoja ya tatu, umechelewa. Usifikirie. Ukifikiria unachelewa. Acha mkono ujue."

"Ndio, supavaiza."

"Cheruto, si ni hivyo?"

Cheruto alikuwa akitazama mkono wake wa kulia. Wakati Ooko akizungumza, wakati yeye mwenyewe akisikiliza na kuwaza na kukoma kuwaza, mkono huo ulikuwa umekata maua manne. Yalikuwa yamelala kwapani mwake, na kila moja lilikuwa na petali mbili zilizolegea, si moja, si tatu.

"Ni hivyo," alisema.

Jambo lilikuwa rahisi, na urahisi wake ulimkera. Hakuwa na haraka, hakuwa na woga, wala simu yake haikuwa mbovu. Alikuwa na mkono uliosomeshwa. Kwa miaka tisa mkono ule ulikuwa umeambiwa na kila msimamizi kwamba ua lililo wazi ni hasara, na uliamini, na sasa katika karakana ya mvuke na vumbi linalong'aa uliendelea kumfanyia kazi mtu wa Uholanzi. Kuuambia ungoje ilikuwa kama kuuambia mguu usiruke ukigongwa goti. Na hata kama ungefundishika, haukufaa kufundishwa: kesho asubuhi Ooko angeuhitaji kama ulivyo.

Alikata ua lingine. Ndipo alipoona mkono wa kushoto.

Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika bua, kama kawaida yake. Kwa miaka tisa ulikuwa hapo, karibu na kila ua, na haukuwa umekata hata moja.

Jioni alikaa kizingitini, akafungua mipangilio ya mchezo, akahamisha mkasi kutoka upande wa kulia wa kioo hadi upande wa kushoto. Akaweka maua ya njano. Ua la kwanza lilifunguka lote, likakauka, likaanguka, na kidole gumba cha kushoto kikafika kama mgeni wa matanga aliyepotea njia. La pili alilikata hewani, kando ya bua. Kwa la tatu simu ilimtoka, ikaanguka kwenye beseni la nguo, ambalo kwa bahati njema lilikuwa na nguo kavu.

Mtu mwingine angekata tamaa hapo. Cheruto alifurahi. Alikuwa amekosa mara tatu kwa namna tatu tofauti. Mkono huo haukujua kitu, na asiyejua kitu hufundishika.

Akaanza mwanzo, kama Chepkosgei. Tazama kivuli. Sikiliza tone. Mwanga wa asali ulijaa, kivuli kikanenepa juu ya maji, kikagusa ukingo upande huu, kikagusa upande ule, na kidole cha kushoto kikangoja, kizito na kitiifu, kwa sababu hakuna aliyewahi kukiambia kwamba kungoja ni kosa. Kila jioni ya juma hilo kilikaribia zaidi. Vidokezo vya Varun vilikuwa sahihi tangu mwanzo; tatizo ni kwamba vilikuwa vikipewa mkono wenye bosi mwingine.

Alimtumia Varun ujumbe wa sauti na kumweleza. Jibu lilirudi mara moja, na nyuma yake Falguni alisikika akiuliza ni nani huyo tena.

"Siz, hiyo ni kali. Mimi nilipima simu, nikapima network, nikapima ua. Sikuuliza unafanya kazi gani."

"Unajua nafanya kazi ya maua."

"Nilidhani unayapanga kwa vase!"

Ijumaa Cheruto aliponawa utomvu wa maua mikononi, jua lilikuwa bado juu kidogo ya vilima vya Olkaria. Jepkorir alikuwa ameshaketi kwenye ngazi. Bonde la Chini lilikuwa karibu tupu. Mahali pa minara palikuwa na miraba ya udongo wenye nyasi mpya, na kutoka chini, ambako mto ulikuwa, ukungu ulipanda bila sauti, ukimeza uzio mmoja mmoja, mti mmoja mmoja, kwa upole uleule ambao wote wawili waliufahamu.

"Unakuja kama yale maji," Jepkorir alisema.

"Ndio."

"Mara hii nimekaa kuona. Siku ile nilikuwa hapa Doha, nikaambiwa kwa simu tu kwamba nyumba imeingia maji. Cheru, ukikata mapema mimi sitakulaumu."

"Sitakata mapema. Huenda nikachelewa."

"Hiyo itakuwa kitu kipya."

Cheruto akaingia karakana. Matumba ya mwisho yalikuwa saba, yote ya taa moja, na yote yalitakiwa kukatwa sawa. Giza la buluu likashuka. Akapasha maji kwa kuzungusha kidole, polepole, mpaka mvuke ukasimama. Tumba la kwanza likainuka.

Petali mbili zikalegea, na mkono wake wa kulia, uliokuwa umeshika tu pembe ya simu, ukaruka. Haukugusa kitu kwa kuwa mkasi haukuwa tena upande wake, lakini kioo kizima kilitikisika. Cheruto alifanya alichoweza kufanya: akaegemeza simu kwenye goti, akauvuta mkono wa kulia chini ya paja, akaukalia. Ukawa pale, ukipapatika chini yake kama kuku ndani ya gunia. Kivuli kikagusa ukingo. Tone likalia. Kidole cha kushoto kikashuka.

Mwanga wote ukadondoka.

La pili. La tatu. Hakusikia tena kiboko wala watoto wa jirani. Kulikuwa na ua, halafu kivuli cha ua, halafu tone. Alitambua, bila kuacha kutazama, kwamba alikuwa hajawahi kuona waridi likimaliza kufunguka. Alikuwa ameona yaliyofunguka, makubwa na mekundu, kwenye lundo la takataka nyuma ya ghala. Lakini mwendo wenyewe, petali ya tano ikiinama kuipisha ya sita, huo mkono wake wa kulia ulikuwa umeukata kila siku ya kazi kwa miaka tisa. Haukuwa mwendo wa haraka wala wa polepole. Ulikuwa na muda wake.

"Ukungu uko kwa ngazi," sauti ya Jepkorir ilisema kutoka mbali. "Nimepandisha miguu."

La nne, la tano, la sita. Chini ya paja mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi na kutulia. La saba lilikuwa kubwa kuliko mengine na lilikawia. Kivuli kiligusa ukingo upande mmoja, kikagusa wa pili, na upande wa tatu kikabaki na nafasi ya upana wa uzi. Kidole cha kushoto kilining'inia juu ya kioo. Cheruto hakupumua. Uzi ukafumba. Tone likalia.

*Taa ya daraja la kwanza.*

Alipotoka karakana, taa ikiwa mkononi mwa lile umbo lake lenye ndevu, bonde halikuwepo tena. Palikuwa na weupe, na ndani ya weupe paa la bati, na juu ya paa Jepkorir amekaa akikumbatia pembe zake. Cheruto akainua taa. Nyumba ilitikisika, ufa wa ukuta wa magharibi ukatoa vumbi, na vyumba vitatu vikainuka pamoja na ngazi yake na msumari wa redio na dirisha lisilofunga, vikapita ndani ya ukungu, kimya, kama mtu anayebebwa akiwa amelala. Weupe ulidumu kitambo. Halafu walikuwa juu, penye majani mafupi na upepo, na nyumba ikatua.

Jepkorir alishuka kutoka kwenye paa, akaingia ndani, na Cheruto akasikia hatua zake zikipita chumba kwa chumba.

"Cheru."

"Nini kimevunjika?"

"Hakuna. Njoo jikoni."

Cheruto akaenda. Sakafu ya jikoni ilikuwa na mraba wa jua, mahali ambapo jua halikuwahi kufika. Alitoka nje, akaizunguka nyumba na kurudi. Mchezo, ulipoiweka nyumba chini, uliielekeza kama ulivyotaka. Ziwa la Nyanda za Juu lilikuwa nyuma, na mlango wa jikoni ulitazama mlima.

"Imegeuka," Jepkorir alisema. "Si sawa na ile. Tulihesabu mpaka misumari, na sasa imegeuka. Inarudishwa aje?"

"Hairudishwi. Ikishatua imetua."

Walisimama mlangoni, mwenye ndevu na mwenye pembe. Upepo ulitoka upande wa ziwa, ukapiga ukuta usio na kitu, ukapita zake. Jikoni haikuingia hata chembe ya vumbi. Jepkorir ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko chake kikapasuka ndani ya simu hadi sauti ikakatika na kurudi.

"Mpigie picha mama," alisema. "Mpigie sasa hivi!"

Cheruto akatuma picha Kaptembwo: nyumba nzima, mlango wa jikoni mbele. Akaandika tu, *Tumeijenga sisi wawili.* Wakangoja. Jua la kweli lilizama nyuma ya Olkaria na mafunjo yakawa meusi kabla ya ujumbe wa sauti kufika. Aliucheza kwa sauti kubwa ili wote wawili wasikie. Kwanza kulikuwa na kelele za ploti ya wapangaji, mtoto analia, mtu anateka maji. Kisha mama yao akavuta pumzi.

"Huo mlango sasa umekaa vizuri," Rahab alisema. "Nilimwambia Kamande. Nilimwambia kabla hajachimba msingi, akaniambia mama tulia, mimi ni fundi." Akamnyamazisha mtoto aliyekuwa akilia, kisha akarudi. "Ni nyumba yangu. Hata ule ufa. Lakini kuku wangu mmewaacha wapi?"

"Uwii," Jepkorir alisema.

Cheruto akamwandikia Varun: *Imepanda. Asante. Je, kuku wanapatikana?*

Jibu lilikuja kwa sauti, na nyuma yake milango ya chuma ya duka ikifungwa. "Hongera siz! Kuku wapo, lakini ni kazi ingine kabisa. Unapewa yai. Unaliwekea kidole juu, unalipatia joto, unashikilia mpaka ligonge kutoka ndani. Ukiinua mapema limeharibika. Ukibonyeza sana limepasuka. Bado sijapima vizuri."

*Kwa mkono gani?* Cheruto akauliza.

"Hiyo jiulize mwenyewe."

Cheruto aliukumbuka mkono wa kulia, akautoa chini ya paja. Ulikuwa umejaa sindano, na vidole vilikunjuka kimoja baada ya kingine. Akauweka gotini kando ya wa kushoto, akaitazama yote miwili katika mwanga wa mwisho. Katika maisha yake yote hakuwa amewahi kuatamia yai kwa mkono wowote.